Maneno Mawili Yazuiayo Masikio



Tumefundishwa tangu utoto ya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hili ni kweli, nasi twawafundisha watoto wetu vivyo hivyo. Lakini mwezi huu nataka tuligeuze kidogo, tujiulize: Na mkuu asiyesikia la mdogo, je, huvunja nini? Maana sisi tulio wachungaji, wainjilisti, wazee wa kanisa na wazazi nyumbani tumezoea sana kusikilizwa, hata kusikiliza kumekuwa kwetu kazi ngumu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita mama mmoja wa usharika wangu alifiwa na mumewe. Siku chache baada ya maziko nikaenda kumwangalia. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akanipa kiti, naye akaketi juu ya kigoda. Nikamwuliza habari za siku zile. Akasema, "Mchungaji, mchana si kitu. Usiku ndio mgumu." Nami nikajibu upesi, "Ni kweli, mama. Hata mimi, baba yangu alipofariki, sikupata usingizi mwezi mzima." Nikaanza kumweleza habari za baba yangu, ugonjwa wake, safari ya kumpeleka hospitali, hata maziko yake. Yule mama akanitazama, akasema, "Pole, Mchungaji." Nikaomba pamoja naye, nikaenda zangu, moyo wangu umeridhika kwamba nimemfariji. Sikutambua ya kuwa aliyefiwa ndiye aliyenipa pole mimi mgeni!

Baada ya miezi miwili nikapata habari kamili. Usiku ulikuwa mgumu si kwa huzuni tu. Shemeji yake alikuwa akija usiku kumtisha, ili akubali kutia alama ya kidole katika karatasi ya kuuza shamba. Siku ile alitaka kuniambia. Mlango alikwisha kuufungua kwa neno lile moja, "usiku," nami nikaingia na mzigo wangu mwenyewe, nikaujaza mlango wote. Nilipopata habari, nusu ya shamba ilikuwa imekwisha kuuzwa.

1. Jinsi mazungumzo yanavyonyang'anywa

Mwaka 1979 mwalimu mmoja wa Marekani, Charles Derber, mwenye elimu ya mambo ya jamii, alitoa kitabu juu ya jinsi watu wanavyogombea kusikilizwa katika mazungumzo yao. Alionyesha ya kwamba ziko namna mbili za kumjibu mtu. Namna ya kwanza huyavuta mazungumzo yatoke kwake yaje kwangu. Namna ya pili huyaacha mikononi mwake, na kumsaidia kuendelea.

Jambo hili twaliona kila siku. Jirani asema, "Mahindi yangu yameliwa na viwavi." Wa kwanza ajibu, "Hata mimi! Mwaka jana sikuvuna hata debe moja." Wa pili ajibu, "Pole sana. Walianza lini? Sehemu gani imebaki?" Wote wawili wamejibu kwa upole, wala hakuna aliyetukana. Lakini kwa yule wa kwanza jirani amepoteza zamu yake, maana sasa hana budi kusikiliza habari za mwaka jana. Kwa yule wa pili bado ana nafasi, na labda atasema neno lililomleta, kwamba nyumbani chakula kimekwisha naye anaona haya kuomba.

Kwa hiyo kosa hili ni gumu kutambulika. Mwizi wa kuku hujua ameiba. Lakini asemaye "hata mimi" hudhani ametoa zawadi.

2. Kwa nini ni vigumu kusikiliza

Sababu moja ni akili zetu wenyewe. Mwalimu Ralph Nichols wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliyeandika juu ya mambo haya mwaka 1957, alieleza ya kwamba kwao mtu husema kama maneno 125 kwa dakika moja, bali akili hukimbia upesi kuliko ulimi. Basi nafasi inabaki, na katika nafasi ile sisi hutengeneza jibu letu, au hufikiri juu ya safari ya kesho, au hutazama simu.

Sababu ya pili ni cheo. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, aliwafundisha vijana wa uchungaji huko Finkenwalde mpaka polisi wa serikali ya Ujerumani walipokifunga chuo mwaka 1937. Katika kitabu chake juu ya maisha ya Wakristo pamoja, kilichotolewa mwaka 1939, aliweka kusikiliza mbele ya huduma nyingine tunazowiwa na ndugu zetu. Tena aliwaonya wahubiri hasa, ambao hudhani ya kwamba kila wakutanapo na watu imewapasa kutoa neno. Nami niliposoma hayo nilijiona mimi mwenyewe juu ya kiti kile cha yule mjane.

Wakumbukeni rafiki watatu wa Ayubu, yaani Elifazi, Bildadi na Sofari. Waliketi chini pamoja naye siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walikuwa wafariji kweli. Waliharibu walipoanza kusema, maana kila mmoja alijibu mawazo aliyokuja nayo kutoka kwake, asiyajibu maneno ya Ayubu.

3. Njia ya kujizoeza

Kwanza, kabla ya kupiga hodi, simama kidogo, utue mzigo wako nje. Simu izimwe. Jiambie, "Saa hii si yangu."

Pili, jibu lako la kwanza liwe swali, nalo litoke katika neno alilolisema mwenyewe. Yule mama alisema "usiku." Ingalinitosha kuuliza, "Usiku kuna nini, mama?" Maneno manne tu, na shamba labda lingalipona.

Tatu, usikiogope kimya. Mtu akinyamaza, mara nyingi hajamaliza. Anapima kama waweza kuaminiwa. Ukijaza kimya kile kwa maneno yako, umempa jibu.

Nne, kabla ya kutoa shauri, mrudishie maneno yake: "Nimesikia hivi na hivi, je, ndivyo?" Akisema sivyo, shukuru, usikilize tena.

Labda mwingine atauliza, "Je, nisiseme kamwe habari zangu?" La, sisemi hivyo. Yuko mwenye huzuni adhaniye kuwa ni peke yake ulimwenguni, naye hupata nguvu akisikia kwamba mwingine amepita njia ile. Lakini habari zako zije baada ya zake kwisha, ziwe fupi, kisha mrudishie mazungumzo kama mtu arudishavyo jembe la kuazima. Tena kusikiliza si kupeleleza. Asiyetaka kusema asilazimishwe, na neno ulilopewa faraghani lisitembee sokoni.

Mwisho niwaambie ya yule mama. Nilirudi kwake, nikamwomba radhi. Akacheka kidogo, akasema, "Mchungaji, siku ile wewe nawe ulikuwa na msiba wako. Nilijua utarudi." Safari hii nikanyamaza. Akasema tangu adhuhuri hata jua likaelekea kutua, nami nikaenda pamoja na wazee kuitetea nusu ya shamba iliyobaki. Hiyo ipo hata leo. Lakini kila nipitapo njia ile naiona na nusu ya pili, ambayo watu wengine wanailima.

Maswali ya kujiuliza nyumbani na katika vikundi:

1. Juma hili, ni nani aliyeanza kukuambia neno, nawe ukalikatiza?
2. Nyumbani mwako, ni nani asemaye kidogo kuliko wote? Ni lini ulimwuliza jambo, ukangoja jibu lake?
3. Jaribu siku moja kutosema "hata mimi." Mwishoni mwa siku hiyo, umepata habari gani usizozijua jana?