Somo: Kupiga Picha ya Kiota cha Ndege wa Majini kwa Kamera Inayoendeshwa Kutoka Mbali



Mgeni akipanda boti katika Ziwa Naivasha na kuona kiota kikielea kando ya mafunjo, jambo la kwanza analoomba ni asogezwe karibu apige picha. Nahodha akikubali, ndege huruka na mayai hubaki wazi juani. Mgeni huondoka na picha ya kiota kisicho na mwenyewe, na huenda mayai yale yasianguliwe kamwe. Somo hili linaeleza njia nyingine: kamera ndogo yenye lenzi pana huachwa karibu na kiota, na mpiga picha hukaa mbali. Limeandaliwa kwa vijana wa boti, waongozaji wa watalii, vilabu vya mazingira shuleni na yeyote mwenye kamera.

Ukimaliza kulisoma utaweza:

(a) kueleza kwa nini lenzi pana hufaa kwa kazi hii;
(b) kuchagua kiota kinachofaa na kuacha kisichofaa;
(c) kuweka kamera bila kumfukuza ndege;
(d) kujua wakati wa kuiondoa.

1. Kwa nini lenzi pana?

Lenzi ndefu ya milimita 300 huona pembe ya digrii 8 tu. Ndege hujaa kwenye picha, lakini ziwa halionekani. Lenzi pana ya milimita 24, kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, huona digrii 84. Ndani ya picha moja unapata ndege, mayai, mafunjo, maji na hata Mlima Longonot kwa nyuma. Anayeitazama picha hiyo anaelewa ndege anaishi wapi na anahitaji nini.

Tatizo ni kwamba lenzi pana hudogesha vitu. Kamera hiyo ikiwekwa mita 1 kutoka kiotani, upana unaoonekana ni mita 1.5. Ndege mwenye urefu wa sentimita 40 atachukua kiasi cha robo ya upana wa picha, jambo ambalo linatosha. Ukirudi nyuma mita 10, atakuwa nukta. Kwa hiyo ni lazima kamera iwe karibu, na kwa kuwa mtu hawezi kukaa mita 1 kutoka kwa ndege anayeatamia, kamera hubaki peke yake.

2. Mfahamu ndege kwanza

*Kukuziwa* ni ndege mweusi mwenye mdomo na paji jeupe, na vinundu viwili vyekundu juu ya paji wakati wa kuzaliana. Hujenga kiota cha majani ya majini kwenye maji ya kina kifupi. Kwa kawaida hutaga mayai 5 hadi 7, na dume na jike hupokezana kuatamia kwa takriban wiki tatu.

*Kibisi mdogo* ni mzamiaji hodari. Akiondoka kiotani kwa utulivu, huyafunika mayai kwa majani mabichi ili kunguru na mwewe wasiyaone. Akishtuliwa ghafla hapati nafasi ya kufanya hivyo. Boti ikienda polepole, mayai hufunikwa. Ikienda kasi, hubaki wazi.

*Jakana* hutembea juu ya majani ya mayungiyungi kwa vidole vyake virefu. Dume ndiye anayeatamia na kulea, na huweza kuwabeba makinda chini ya mabawa yake. Ukimfukuza dume, usitarajie jike aje kushika nafasi yake.

Kwa ndege hawa wote hatari kubwa ni joto. Yai hukua vizuri likiwa na joto la digrii 37 hadi 38 hivi. Jua kali la adhuhuri huweza kulipandisha kupita digrii 40, na kiinitete kikafa ndani ya ganda bila dalili yoyote kwa nje. Asubuhi na mapema nayo Naivasha huwa na baridi. Saa nzuri za kukaribia kiota ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, siku isiyo na mvua wala upepo mkali.

3. Kiota cha kuchagua na cha kuacha

Chagua kiota kimoja kilicho peke yake, ambacho ndege wake wamezoea boti kupita. Usiguse kiota kinachojengwa au ambacho mayai bado yanatagwa, kwa sababu huo ndio wakati ambao ndege hukihama kwa urahisi zaidi. Subiri waatamie kwa wiki moja au zaidi.

Usijaribu njia hii kwa ndege wanaotaga kwa makundi, kama vile flamingo na mwari. Mmoja akishtuka, wengi huondoka pamoja. Katika Ziwa Elmenteita imewahi kushuhudiwa kundi zima la flamingo wakubwa likihama viota kwa sababu ya marabou wachache tu walioingia kati yao. Mtu naye anaweza kuumia. Miaka ya 1950 Leslie Brown, afisa wa kilimo aliyefanya kazi Kenya, alijaribu kuvifikia viota vya flamingo kwa miguu juu ya matope ya Ziwa Natron nchini Tanzania. Alizama kwenye matope, magadi yakamchoma miguu vibaya, na akalazwa hospitalini.

4. Hatua za kuweka kamera

1. Siku ya kwanza, chomeka ufito mita 10 kutoka kiotani na ufunge juu yake kisanduku kitupu chenye ukubwa wa kamera, kilichofunikwa kwa gunia. Ondoka.
2. Kila siku kisogeze karibu: mita 5, kisha mita 2.5, kisha mita 1. Endelea tu ikiwa ndege alirudi upesi siku iliyotangulia. Kila ziara isizidi dakika 5.
3. Zima injini angalau mita 50 kabla ya kiota, kisha tumia kasia. Wimbi la boti huweza kulowesha mayai au kukipindua kiota kinachoelea.
4. Siku ya picha, ondoa kisanduku na uweke kamera mahali pale pale. Ifunge kwa kamba isije ikaanguka majini.
5. Usikate mafunjo yanayoziba. Yavute kando kwa uzi, na ukimaliza uyaachilie. Mafunjo hayo ndiyo kivuli cha mayai na maficho yake.

5. Mipangilio ya kamera

Zima mlio, taa nyekundu na flashi. Kama kamera ina shata ya kimya, itumie. Weka fokasi kwa mkono kwenye ukingo wa kiota, kisha usiibadilishe. Tundu la f/8 na kasi ya 1/500 hufaa mwanga wa asubuhi. Kukuziwa ni mweusi mwenye paji jeupe, hivyo punguza mwanga kidogo ili weupe usiungue.

Unaweza kupiga kwa rimoti ya redio, kwa simu iliyounganishwa na kamera, au kwa kipima muda. Mawimbi ya simu hayafiki mbali, na hayapenyi maji vizuri. Kipima muda hakihitaji mawimbi: picha moja kila sekunde 10 ni picha 360 kwa saa. Jaribu kila kitu nyumbani kwanza.

6. Sheria ya dakika ishirini

Baada ya kuweka kamera, rudi mbali na utazame kwa darubini. Ndege akirudi na kuketi juu ya mayai, endelea. Akizunguka kiota, akilia au akikaa mbali kwa dakika 20, nenda uiondoe kamera, hata kama hujapata picha. Jua likiwa kali, usingoje dakika zote hizo. Ndege akiketi, mwache aatamie kwa utulivu, na uchukue kamera wakati wazazi wanapopokezana.

7. Usalama na sheria

Usiingie majini kwa miguu. Ziwa Naivasha lina viboko wengi, na kiboko aliyezibiwa njia ya kurudi majini ni hatari. Tumia boti, vaa jaketi okozi, na uwe na nahodha anayelijua ziwa.

Wanyamapori, wakiwemo ndege, wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Kabla ya kuweka kamera kwenye kiota, zungumza na maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na umwombe ruhusa mwenye ardhi ya ufuoni. Usitumie droni badala ya kamera hii. Droni husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA), na ndege huiona kama mwewe.

Unaposambaza picha, zima alama ya mahali kwenye simu, ili wengine wasiende kukitafuta kiota hicho.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kamera yenye lenzi pana haifai ikiwekwa mita 10 kutoka kiotani?
2. Kibisi aliyeshtuliwa ghafla hukosa kufanya nini, na matokeo yake ni yapi?
3. Taja saa mbili nzuri za kukaribia kiota, na sababu yake.
4. Umeweka kamera saa tatu asubuhi. Dakika 20 zimepita na kukuziwa bado anazunguka kwa mbali. Mgeni wako amelipa na anataka picha. Utafanya nini, na utamweleza vipi?

Walimu na viongozi wa vikundi vya boti wanaombwa kulijadili swali la nne na vijana wao kabla ya kwenda ziwani.