SOMO: WATOTO WA TUMBO MOJA WAKIKUTANA KATIKA NYUMBA YA WAZAZI

Tufungue Biblia na kusoma Mwanzo 45:16-28, Luka 12:13-15 na Luka 15:25-32.

Wakati wa kiangazi shule zinafungwa na Kalemie inajaa wageni ambao si wageni. Ni watoto wa mji huu wanaokaa Lubumbashi, Kinshasa, Goma, na wengine Kigoma ng'ambo ya ziwa. Wiki ya kwanza ni furaha. Mama anapika bukari na mikebuka, wajukuu wanaoga ziwani mchana kutwa, na jioni nyumba yote inaomba pamoja. Wiki ya pili maneno yanaanza. Wiki ya tatu tunaitwa sisi, wachungaji na mashemasi, kuketi katikati ya watu wa miaka 40 na 50 wanaogombana kama watoto juu ya sahani.

Tumeketi mara nyingi namna hiyo. Aliyebaki hapa anasema: Mimi ndiye nilimpeleka Mama hospitali usiku. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za kandokando, mimi ndiye nilitoa vitanda na kumtafutia Mama pa kulala. Aliyetoka mbali anajibu: Na feza ya dawa ilitoka kwa nani? Na mabati? Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kama mmoja angekuwa mwongo, kazi yetu ingekuwa nyepesi.

Mfano wa Luka 15 tunauhubiri sana juu ya yule mdogo aliyepotea. Yule mkubwa tunampita haraka. Angalieni vizuri: mtu huyu alikaa nyumbani, alifanya kazi shambani, na miaka yote hiyo alikuwa anahesabu mbuzi moyoni mwake bila kumwambia baba yake. Siku ngoma ilipolia, hesabu yote ilimwagika nje mara moja. Ndugu uliyebaki Kalemie, kama mzigo wa Mama umekuwa mzito, piga simu mwezi wa pili, useme. Usingojee Julai, wageni wamejaa ndani. Nawe uliyerudi, kumbuka kwamba yule mdogo hakurudi na amri. Alikusudia kuomba nafasi ya mtumishi. Wengine wetu tunashuka masuani, na kesho yake tunaanza kupanga upya jiko la dada yetu.

Katika Mwanzo 45, Yusufu anawatuma ndugu zake kwa baba yao na anawaonya wasigombane njiani. Kwa nini onyo wakati huo, na walikuwa wamekwisha kupatana kwa machozi? Rudini aya ya 22. Benyamini alipewa vipande 300 vya fedha na nguo tano. Wengine walipata nguo tu. Yusufu alijua zawadi zisizo sawa zinaweza kufanya nini njiani. Kwa hiyo ukija na simu mpya kwa mtoto wa dada mmoja na sabuni kwa mtoto wa dada mwingine, usizigawe barazani. Feza ya Mama itiwe mkononi mwa Mama, bila kutangazwa.

Kuna jambo la pombe. Amri za Kanisa tunazijua, lakini si watoto wote wa nyumba zetu wangali katika imani. Kaka anakuja na chupa zake, na mdogo wake mwanakwaya anamfokea mbele ya watoto, hataki hata kumwita yaya. Sisi tunaona hivi: parsele ni ya Mama, na neno ni la Mama. Yeye mwenyewe amwambie mwanawe, kwa upole, kwamba chupa haziingii. Mama akisema, hakuna haja ya wanne wengine kusema.

Jambo zito kuliko hayo ni ugonjwa. Kipindupindu kinajulikana sana Kalemie, na malaria pia. Mjukuu kutoka Kinshasa akianza kuhara au kupata homa kali, usiku ule ule kuna mtu atamtazama shangazi mzee anayekaa nyumba ya nyuma. Tumeona ndugu wakiachana miaka mingi juu ya neno moja lililotamkwa usiku kama huo. Mtoto anywe maji yenye chumvi na sukari na apelekwe kituo cha afya saa ile ile. Mtu asitaje jina la mtu.

Sasa nyumba yenyewe. Baba akiwa amefariki, mkubwa anasema parsele ni yangu, na wanaume wanasema dada zetu wameolewa, hawana neno. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haisemi hivyo. Watoto wote wa marehemu wana haki sawa, wa kiume na wa kike, hata aliyezaliwa nje ya ndoa kama baba alimtambua. Wao wanapata robo tatu ya mali. Robo inayobaki ni ya mume au mke aliyeachwa, wazazi na ndugu za marehemu. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Na pasipo wasia, mkubwa wa warithi ndiye anayepewa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Amepewa kazi, hakupewa nyumba. Sisi wenyewe hatutashika karatasi za parsele ya mtu. Bwana Yesu alikataa kuwa mgawaji kati ya ndugu wawili; tribinali ipo.

Juu ya ukubwa na udogo, tuna somo katika Kanisa letu. Papa Simon Kimbangu alipokamatwa Septemba 1921 aliacha watoto watatu wadogo: Kisolokele aliyezaliwa 1914, Dialungana wa 1916 na Diangienda wa 1918. Hakurudi. Alikufa kifungoni Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Mama Marie Muilu alilitunza kundi mpaka alipofariki mwaka 1959. Aliyekuwa Kiongozi wa Kiroho ni Papa Diangienda, mdogo wa wote. Papa Kisolokele, mtoto wa kwanza, alikuwa msaidizi wake. Papa Dialungana alikaa Nkamba kuulinda mji mtakatifu. Zaidi ya miaka 30 wakubwa wawili walikuwa chini ya mdogo wao, hadi Kisolokele na Diangienda walipofariki mwaka mmoja, 1992, na Papa Dialungana akashika uongozi mpaka alipofariki Agosti 2001. Mmoja alibaki nyumbani, mwingine aliongoza, mwingine alisaidia. Kila mmoja alikuwa na kazi inayojulikana. Baada ya 2001 wajukuu hawakuweza kubaki wote chini ya paa moja. Tunalitaja kwa ufupi na kwa huzuni, kwa maana kila mmoja wetu analijua.

Basi, kama kuna neno la nyumba au la matunzo ya Mama, lizungumzwe Mama akiwa hai na akiwa ameketi pale. Vueni viatu, ombeni, kisha aliyebaki aseme kwanza. Mmoja aandike: nani analeta dawa, nani analeta feza na ya mwezi gani, nani analala na Mama. Wake na waume za ndugu wasikilize, wakiulizwa, wajibu.

Jumapili hii vikundi vyote visome tena Luka 15:25-32 na kujibu swali hili: baba alitoka kwenda kumsihi mtoto yupi, naye alikuwa amesimama wapi?