Kabla ya Kupanda Kilimanjaro

Vijana wetu wengi hudhani mlima unahitaji miguu tu. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Huko kila pumzi hutupatia karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea pwani. Kijana shupavu huugua kama mwingine yeyote, pengine zaidi, maana hukimbia. Miezi miwili kabla, tutembee vilimani na mzigo mgongoni. Mwenye selimundu asipande. Kwa njia ya Marangu, tulale Horombo, mita 3,720, siku mbili badala ya moja, mwili uzoee. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija, tusiendelee kupanda. Anayepepesuka kama mlevi, au anayehema hali amekaa, ateremshwe mara moja, hata usiku wa manane.