Kuondoa na Kuweka Upya Programu ya Kuzuia Virusi

Watu wengi hudhani kwamba programu ya kuzuia virusi huondolewa kwa kufuta folda yake tu. Dhana hiyo si sahihi, nayo yaweza kuiacha kompyuta bila kinga thabiti huku mwenyewe akiamini kuwa imelindwa. Somo hili laeleza sababu zake, na utaratibu ufaao katika kompyuta za nyumbani zitumiazo Windows 10 au 11.

Mizizi ya programu

Programu ya kuandikia barua hufanya kazi inapofunguliwa tu. Programu ya kuzuia virusi sivyo ilivyo. Kazi yake ni kukagua kila faili kabla haijatumika. Kwa hiyo baadhi ya sehemu zake hukaa katika kiini cha mfumo wa uendeshaji, nazo huanza kazi mara kompyuta iwashwapo. Aidha, huandika maelezo yake katika rejista, yaani daftari kuu la mipangilio ya Windows. Tena hujilinda isifutwe, kwani virusi vingi hujaribu kwanza kumwondoa mlinzi.

Folda ikifutwa kwa mkono, sehemu hizo hubaki kama mizizi ya mti uliokatwa. Programu mpya yaweza kukataa kuingia juu ya mabaki hayo. Au wakaguzi wawili wakaigombea faili moja, na kompyuta ikawa nzito au ikakwama.

Utaratibu

1. Kazi muhimu zinakiliwe kwenye diski ya nje, na namba ya leseni iandikwe karatasini. Faili ya kuwekea programu na kifaa cha kusafishia mabaki vichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, si penginepo, kwa maana kinga bandia huweza kuwa virusi.

2. Programu iondolewe kupitia orodha ya programu katika Mipangilio ya Windows, kisha kompyuta iwashwe upya.

3. Mabaki yakiwapo, kompyuta iwashwe katika hali salama, ambamo Windows hupakia sehemu chache za lazima tu. Hapo mlinzi amelala, na mizizi yake hung'oka. Avast na ESET ni miongoni mwa watengenezaji watoao kifaa cha kazi hii.

4. Kompyuta iwashwe kama kawaida. Kwa desturi Microsoft Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows, hujiwasha yenyewe kinga nyingine inapoondoka.

5. Programu iwekwe upya, kisha orodha yake ya virusi isasishwe mara moja. Mkaguzi asiyezijua alama za virusi vipya huvipitisha kwa urahisi.

Kupima kinga

Si lazima kutumia virusi halisi. Ipo faili ya majaribio iitwayo EICAR, yenye herufi na alama 68 tu, isiyo na madhara yoyote. Watengenezaji wamekubaliana kuitambua kana kwamba ni virusi. Kinga ikiizuia, ukaguzi unafanya kazi. Ikinyamaza, kazi haijakamilika.

Maswali

1. Kwa nini programu ya kuzuia virusi hukaa katika kiini cha mfumo?
2. Eleza faida ya hali salama katika kuondoa mabaki.
3. Je, kufaulu kwa jaribio la EICAR kwathibitisha kwamba kompyuta haina virusi? Toa sababu.