Mbalanga na Ukoma

Si kila baka ni ukoma. Mbalanga hutokea mwili uziharibupo chembe zake wenyewe zitiazo ngozi rangi. Haiambukizi, na ngozi yake husikia mguso. Baka la ukoma mara nyingi lina ganzi. Kijidudu chake kilitambuliwa na daktari Armauer Hansen huko Bergen, Norwe, mwaka 1873. Mwenye ganzi huungua motoni asijue, na kidonda kisichotunzwa humlemaza. Lakini dawa zipo, hutolewa bure, nazo huponya kwa miezi 6 au 12. Aanzaye kuzitumia haambukizi tena. Basi, mwalimu, uonapo baka lisilosikia, mpeleke mtu huyo hospitali upesi. Wala mmoja wao asitengwe na meza ya Bwana.