Nani Anayekujibu kwenye Ukurasa wa Kampuni?

Tuanze na mfano. Mama mmoja auzaye vitenge katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, amemtumia msambazaji wake wa Dar es Salaam shilingi 180,000 kwa simu. Fedha zimekatwa, lakini msambazaji anasema hajaziona. Mama amepiga huduma kwa wateja, akawekewa muziki hadi akachoka. Mwanawe akamshauri: "Waandikie kwenye ukurasa wao, mama, huko ndiko wanakojibu haraka." Basi, chini ya picha ya promosheni ya kampuni, akaandika kiasi kilichokatwa, saa ya muamala na namba yake ya simu.

Haikupita robo saa akapata majibu mawili. La kwanza lilikuwa hadharani: "Pole sana mpendwa mteja, tafadhali tuandikie inboksi." La pili lilikuwa limekwisha kuingia inboksi, likiwa na nembo ya kampuni, likimweleza kwamba marejesho yake yako tayari na kwamba litatokea ombi kwenye kioo cha simu ambalo alithibitishe kwa namba ya siri. Ombi likatokea. Akalithibitisha. Shilingi 240,000 nyingine zikaondoka.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, ila hatua zake zote ni za kawaida katika utapeli wa mtandaoni. Jibu la kwanza lilikuwa la kampuni; la pili lilikuwa la tapeli. Kwa macho ya mama yule hayakuwa na tofauti, na si kwa sababu ya uzembe wake. Kampuni zenyewe zimetuzoesha kuitwa inboksi na watu tusiowafahamu.

Watu walio nyuma ya nembo

Zamani malalamiko ya mteja yalikuwa siri kati yake na kampuni. Barua ilifika, ikawekwa kwenye jalada, ikajibiwa au isijibiwe. Mitandao ya kijamii iliyatoa malalamiko hayo nje. Mwaka 2008, kampuni ya Marekani iitwayo Comcast, inayouza televisheni ya kebo na intaneti, ilikuwa inalalamikiwa sana kwa huduma mbovu. Mfanyakazi wake Frank Eliason akaanza kutafuta kwenye Twitter watu waliolitaja jina la kampuni, akawajibu mmoja mmoja. Jambo hilo lilionekana geni wakati ule. Leo ni idara kamili katika kampuni nyingi kubwa.

Mwaka uliofuata kampuni zilipata somo lililo kali zaidi. Mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alivunjiwa gitaa katika safari ya ndege ya United iliyopitia Chicago. Alidai fidia kwa miezi mingi bila mafanikio. Julai 2009 akatoa wimbo kuhusu gitaa hilo kwenye YouTube, ukatazamwa na mamilioni ya watu, na ndipo kampuni ikamtafuta yeye. Tangu hapo wakuu wa masoko walijua kwamba mteja mmoja aliyekasirika anaweza kuigharimu kampuni kuliko gitaa lenyewe.

Zingatia nani aliyepata somo hilo: wakuu wa masoko. Kwa sababu hiyo, katika kampuni nyingi ukurasa wa mtandaoni uko chini ya idara ya masoko na mawasiliano, wala si chini ya idara inayoshughulikia miamala. Mara nyingi hata anayekujibu si mwajiriwa wa kampuni, bali ni kijana wa wakala wa matangazo aliyepewa kurasa za wateja kadhaa. Ana programu inayomkusanyia mahali pamoja kila ujumbe unaoitaja kampuni, na ana majibu yaliyoandikwa tayari. Lile "pole sana mpendwa mteja" halikuandikwa kwa ajili yako; lilikuwepo kabla hujalalamika. Kijana huyo mara nyingi hana uwezo wa kuufungua muamala wako wala wa kuamuru urejeshewe fedha. Kazi yake ni kukutuliza, kukuondoa hadharani na kukupeleka kwa mwenye uwezo.

Hatusemi haya kwa kuwadharau. Ni kazi ngumu, yenye matusi mengi na zamu za usiku. Lakini utendaji wao hupimwa kwa vipimo visivyolingana na haja yako: muda uliopita kabla ya kujibu, idadi ya waliojibiwa, wingi wa maneno mazuri dhidi ya mabaya. Ujumbe uliojibiwa ndani ya dakika mbili huhesabiwa kuwa mafanikio, hata kama fedha zako hazikurudi.

Unapopaza sauti peke yako

Lipo jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Facebook humruhusu msimamizi wa ukurasa kuyaficha maoni bila kuyafuta. Maoni yaliyofichwa huendelea kuonekana kwako na kwa marafiki zako, ila watu wengine hawayaoni. Instagram nayo ina namna ya kumwekea mtu kizuizi, ili maoni yake ayaone mwenyewe tu. Zaidi ya hayo, msimamizi anaweza kuweka orodha ya maneno, na maoni yenye maneno hayo yakafichwa yenyewe. Hivyo unaweza kudhani kwamba umelalamika mbele ya umma wote, kumbe unazungumza na ukuta.

Ukitaka kuhakiki, mwombe mtu asiye rafiki yako katika mtandao huo aufungue ukurasa kwa simu yake, atazame kama maneno yako yapo. Na kabla ya yote, yapige picha malalamiko yako pamoja na majibu, zikionekana tarehe na saa. Kilichoandikwa kwenye ukurasa wa kampuni kinaweza kuondolewa na kampuni. Picha iliyo katika simu yako haiwezi.

Tapeli naye anausoma ukurasa

Tapeli wa leo hahitaji tena kutuma ule ujumbe uliozoeleka wa "ile hela itume kwenye namba hii" kwa watu asiowajua. Ukurasa wa kampuni humpa wateja wenye shida, wenye haraka, waliokwisha kutaja kiasi, saa na namba ya simu. Anachohitaji ni akaunti yenye nembo ileile na jina linalotofautiana kwa herufi moja au nukta. Kisha humwahi mteja kabla ya kampuni. Yule mama alitazamia kuandikiwa na kampuni, akaandikiwa. Kwa nini atilie shaka?

Wengi hutegemea tiki ya bluu. Ilikuwa kinga nzuri, lakini imepungua nguvu. Novemba 2022 Twitter ilianza kuiuza alama hiyo kwa dola 8 kwa mwezi. Siku chache tu baadaye, akaunti bandia yenye tiki hiyo na jina la Eli Lilly, kampuni ya dawa ya Marekani, ikatangaza kwamba insulini sasa inatolewa bure. Kampuni halisi ililazimika kuomba radhi kwa umma kwa tangazo ambalo haikulitoa. Mwaka 2023 Facebook na Instagram nazo zilianza kuuza uthibitisho. Tiki peke yake, basi, isikutoshe. Anzia kwenye tovuti ya kampuni, au kwenye namba iliyochapishwa katika mkataba au kadi yako, na kutoka hapo ufuate njia hadi kwenye ukurasa wake. Usianzie kwa aliyekutumia ujumbe.

Kanuni moja ingetosha kumwokoa yule mama, nayo ni hii: kupokea fedha kwa simu hakuhitaji namba ya siri. Namba ya siri hutumika kutoa. Ombi lolote linalotokea kwenye kioo cha simu na kudai namba ya siri ni ombi la malipo, hata kama aliyekuandikia ameliita marejesho, zawadi au uhakiki. Vivyo hivyo, tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa ujumbe mfupi ni ufunguo wa akaunti yako, na hakuna mhudumu halali anayehitaji umsomee.

Namna ya kulalamika ukasikilizwa

Tumia ukurasa wa kampuni kwa jambo linaloufaa: kujulisha kwamba una tatizo na kuomba njia rasmi ya kulishughulikia. Andika kwa ufupi, bila namba ya simu, namba ya NIDA wala kumbukumbu ya muamala. "Nina muamala uliokwama tangu jana, naomba namba ya kumbukumbu ya malalamiko yangu" inatosha. Maneno hayo ya mwisho wa ombi ndiyo yenye uzito, kwa kuwa lalamiko lisilo na namba ya kumbukumbu ni vigumu kulithibitisha baadaye. Kwa kampuni za simu, piga namba 100 au nenda kwenye duka la kampuni, utaje muamala wako, na usikate simu wala kuondoka kabla hujapewa namba hiyo. Tunajua kwamba kusubiri kunachosha, na Mamlaka haiwatetei watoa huduma wanaowaacha wateja wakisikiliza muziki.

Mtoa huduma akishindwa kukujibu, au jibu lake lisipokuridhisha, una haki ya kuleta lalamiko lako kwa Mamlaka kwa maandishi. Hapo ndipo picha ulizohifadhi na namba ya kumbukumbu zitakapofanya kazi. Kama tatizo ni la benki, anayesimamia ni Benki Kuu ya Tanzania. Kama ni tangazo la kupotosha kuhusu bidhaa, ni Tume ya Ushindani. Pale ambapo taarifa zako binafsi zimetumiwa vibaya na kampuni, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022.

Ukiwa umekwisha kutapeliwa, usianze kwa aibu. Anza kwa kasi. Mjulishe mtoa huduma papo hapo ili ajaribu kuzizuia fedha kabla hazijatolewa kwa wakala, ripoti namba ya tapeli kupitia 15040, kisha nenda kituo cha polisi. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa kuwa aliyepata taarifa zako anaweza kuwa amezitumia kwa mengine.

Zoezi

Fungua ukurasa wa kampuni unayoitumia zaidi. Soma majibu 10 ya karibuni waliyopewa wateja, uhesabu ni mangapi yanataja namba ya kumbukumbu na ni mangapi yanaishia "njoo inboksi". Kisha andika jina la kampuni hiyo katika sehemu ya kutafutia, uone ni akaunti ngapi zina nembo ileile. Orodhesha majina yake herufi kwa herufi, na kwa kutumia tovuti ya kampuni uitambue ile ya kweli. Fanya zoezi hili pamoja na mtu wa nyumbani mwako ambaye hutumia simu yake kutuma na kupokea fedha.