Dondoo muhimu: Land Rover ya zamani ikisumbua umeme
Taa zikififia au stata ikizunguka kivivu, usikimbilie kununua betri. Ipime: betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma hivyo, shuku ethi, yaani nyaya zinazounganisha umeme na mwili wa gari. Fungua waya unaotoka betri kwenda kwenye chesisi, piga msasa hadi chuma king'ae, kaza upya. Kisha ule wa injini na wa kila taa. Kutu hupenda kujificha hapo, na mafundi wengi hupaacha. Fyuzi ikiungua kila mara, tafuta waya uliochubuka. Karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara si fyuzi, usiiweke badala yake. Halafu, Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zina ethi ya chanya, yaani ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye chesisi: ukifunga redio ya kisasa bila kuangalia, utaiunguza.